Kobe Hachajiwi kwa Huruma

Mwanangu wa kwanza alinichagulia mapazia. Nianzie hapo, maana hapo ndipo hasira zangu zilipoanzia. Yalikuwa ya waridi, yana maua, yametundikwa kwenye dirisha la chumba cha nyuma nyumbani kwake. Chumba kimepakwa rangi upya, kitanda kipya, na ukutani kuna kengele ndogo ya kubonyeza nikizidiwa. Alinishika mkono akanitembeza humo kama nesi anayempokea mgonjwa wodini. Nikamwambia pamependeza, na kweli pamependeza. Kisha nikamwambia mimi nitalala kwenye gari.

Gari lenyewe ndilo hili tunaloliita Kobe, kwa sababu linakwenda na nyumba yake mgongoni. Mbele lori dogo, nyuma chumba: kitanda, jiko la gesi, sinki, meza ya kukunja, friji ndogo, na choo ambacho sitaki kukieleza. Mwenzangu na mimi tulilinunua tulipostaafu, yeye kiwandani, mimi kwenye jiko la shule ya bweni, nilikopigana na masufuria makubwa na wanafunzi wenye njaa mpaka nywele zikaniota mvi. Tuligawana kazi. Macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo dereva nilikuwa mimi. Yeye alishika mambo ya ndani: maji, gesi, taa, na hasa betri. Kila asubuhi alikuwa anainama chini ya kitanda kuzitazama, na mimi namcheka kwamba ameoa mke wa pili.

Alifariki tukiwa safarini. Aliketi kwenye ngazi ya mlango wa Kobe kufunga kamba za viatu, akaegemea pembeni, basi. Tulikuwa mbali na hospitali, na hata tungekuwa uani kwa daktari, yeye mwenyewe aliniambia isingesaidia kitu. Mwanangu hakuyasikia hayo. Tangu siku ile alimkasirikia Kobe kama mtu, nami ninaamini hata leo anapolitazama lile gari haoni gari.

Baada ya mazishi tukalileta uani kwake, tukalifunika turubai zito kuanzia juu mpaka chini. Kwa heshima. Vitu vya marehemu visiguswe, mlango usifunguliwe, kila kitu kibaki kama alivyokiacha. Ndugu waliokuja walilipita lile turubai kwa sauti ya chini. Hakuna aliyewaza kwamba juu ya paa kuna sahani ya sola inayozilisha betri umeme wa jua, na ndani kuna king'ora cha gesi na saa ya redio vinavyokula umeme kidogo kidogo usiku na mchana. Tulizizibia betri jua, tukaziacha zinyonywe. Nilipomaliza eda nikaenda kufungua, nikabonyeza swichi ya taa, kimya. Fundi wa betri alizipima, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba betri ya maji ikikaa tupu, chumvi inaganda kwenye vibao vyake vya ndani, na ikishaganda hivyo haitoki. Tuliziua kwa heshima, ndivyo nilivyomwambia mwanangu, naye akajibu kwamba hilo ndilo analolisema siku zote, vitu vile vinakufa ghafla.

Havifi ghafla. Hilo ndilo lililonikaa rohoni. Vilikufa taratibu, sisi tumesimama pembeni tumeinamisha vichwa.

Nikauza kabati la nguo na kitanda cha zamani, nikanunua betri mbili mpya za ndani, zote aina moja na umri mmoja, kwa sababu fundi alisema mpya ukiifunga na kuukuu, kuukuu itaivuta mpya chini. Kisha nikakaa kitako kujifunza. Nilijifunza kuziongeza maji maalumu ya betri, si ya bomba, mpaka vibao vifunikwe na visizidi hapo. Nilijifunza kusugua vichwa vyake kwa magadi na maji ya moto unga wa kijani ukianza kuota, nikavikausha, nikavipaka mafuta ya mgando. Nilijifunza kutowasha kiberiti karibu nazo zikiwa zinachajiwa. Nilijifunza kuzipima kwa mita ya umeme asubuhi zikiwa zimepumzika, friji nimeizima kidogo: volti kumi na mbili nukta saba, zimeshiba, kumi na mbili nukta moja, zimefika nusu, na chini ya nusu usizipeleke kama unazipenda. Mwenzangu aliyajua haya yote asinifundishe hata moja, na mimi sikumwuliza hata moja. Huko aliko najua ananicheka.

Sasa mwanangu. Tangu utoto tunamwita Mkaguzi, na alipokua akaenda kuajiriwa kazi hiyo hiyo: anazunguka kwenye majengo kuangalia kama vizima moto viko sawa na milango ya dharura inafunguka. Ni mtoto mwema, sitaki mtu amfikirie vibaya. Lakini wema wake una mabavu. Akikupenda anakufungia.

Hoja yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa na mashiko. Mimi nina kisukari, nachoma insulini. Kalamu ya sindano ninayoitumia inavumilia nje ya friji, ila akiba yangu ya miezi inataka baridi. Betri zikifa porini, friji inazima, dawa inaharibika, na mimi niko peke yangu, duka la dawa liko ng'ambo ya milima. Aliyasema haya mezani mbele ya mkewe bila kupandisha sauti, na kila alichosema kilikuwa kweli. Akamalizia kwamba yupo mtu anamtaka Kobe, anataka kumfanya kibanda cha kuuzia vitafunwa kando ya stendi.

Kibanda cha vitafunwa! Damu ilinichemka. Nilimwambia dawa yangu sijaanza kuitunza leo, na kwamba mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha wenzake wanaweza kutoka nje angeona haya kumfungia mama yake ndani. Mkwe wangu akainamisha uso kwenye sahani, nikaona mabega yanamcheza kwa kicheko.

Ndipo Mkaguzi akatoa sharti lake. Nikae kwenye Kobe wiki nzima, hapo hapo uani, na friji iwake muda wote, isipokuwa dakika chache za kupima betri, dawa ndani yake. Waya wa umeme kutoka nyumbani usiingie. Yeye atapita kila asubuhi kabla ya kazi kupima baridi ya friji kwa kipimajoto. Wiki ikipita na friji haijazima, atanyamaza. Friji ikizima, au nikiomba waya, Kobe anauzwa na mimi naingia kwenye mapazia.

Ningeweza kukataa. Funguo nilikuwa nazo mimi, kadi ya gari ina jina langu. Lakini nilitaka kuondoka na baraka za wanangu, si kutoroka kama mwizi. Na tuseme ukweli, nilikuwa na kiburi. Nikamwambia lete kipimajoto chako.

Wiki aliyoichagua ilikuwa ya mawingu. Simlaumu, mawingu si yake. Siku ya kwanza nilipanda ngazi nikafuta sahani ya sola kwa kitambaa chenye maji, nikaikausha. Nikazima kila mnyonyaji: saa ya redio, kile kidude kinachogeuza umeme uwe wa nyumbani, ambacho kikiachwa tu kinakula hata kama hujachomeka kitu, na taa zote isipokuwa moja ndogo juu ya meza. King'ora cha gesi nilikiacha, maana sitaki kufa ili nishinde. Friji nikaijaza chupa za maji ili baridi ikae, nikaifungua mara chache, nikijua ninachotaka kabla ya kushika mlango. Simu nikaichaji mchana tu. Jioni nikala mapema, nikajifunika blanketi, nikasikiliza friji inaunguruma na kunyamaza, inaunguruma na kunyamaza. Sikuwa na dhiki. Nililala hivyo miaka mingi pembeni ya mtu anayekoroma kuliko friji.

Asubuhi Mkaguzi anagonga, anavua viatu, anaingia, anaweka kipimajoto chake, anasubiri huku anatazama dari. Namkaribisha chai, anasema amechelewa. Anakisoma, anasema sawa, anavaa viatu, anaondoka. Hata kunitazama usoni hanitazami. Nilimwonea huruma kidogo, kwa sababu kila alipoingia alikuwa anakwepa kukanyaga ile ngazi ya mlango. Anairuka.

Mita yangu ilikuwa inashuka polepole, jinsi nilivyotarajia. Jua lilikuwa linachungulia kidogo mchana, linarudisha nusu ya kile friji ilichokula. Nilipiga hesabu zangu nikaona nitafika, kwa shida lakini nitafika.

Halafu asubuhi moja nikaamka, nikaisoma mita, nikadhani macho yangu yameanza ya mwenzangu. Kumi na tatu nukta tano. Jua halijachomoza, mvua imenyesha, na betri zinasoma kana kwamba ni saa sita ya kiangazi. Betri haishibi gizani. Kuna mtu anailisha. Nikavaa kandambili, nikazunguka nyuma ya gari, na hapo nikaukuta waya. Umechomekwa kwenye tundu la nyuma la kuchajia, umepitishwa chini ya maua, umeingia kwenye dirisha la jiko la mkwe wangu.

Kwa dakika nzima nilisimama pale na mvua inanidondokea. Wazo la kwanza lililonijia, nalisema lilivyo, lilikuwa kunyamaza. Kuuchomoa, kuusukumia chini ya maua, kumaliza siku zilizobaki nikiwa nimeshiba. Nani angejua? Nilikuwa nimekaribia mno. Kisha nikajiona niko huko milimani, peke yangu, mawingu yamefunga, nategemea ushindi niliouiba. Huko hakuna dirisha la jiko. Nikauchomoa waya, nikauviringa, nikauweka mezani, nikachemsha chai kusubiri.

Mkaguzi alipoingia nikamwambia aache kipimajoto. Nikamwonyesha waya. Nikamwambia umechomekwa usiku, si na mimi, wala asiniulize na nani, siku zote zilizopita nazifuta. Tunaanza upya leo, na nitazishusha betri kwanza zifike pale zilipokuwa jana. Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza wiki ile. Alifungua mdomo kusema kitu, na mkewe akatokea nyuma yake mlangoni, bado amejifunga kitenge cha asubuhi.

"Ni mimi," alisema. "Nimeuchomeka mimi."

Mumewe akageuka. Mkwe wangu hakumtazama yeye, alinitazama mimi, akaeleza. Mama yake mzazi alikaa chumba cha nyuma kwa mwanawe wa kiume. Chumba kizuri, chakula kinaletwa, kila kitu kinafanywa. Akakaa humo mpaka siku moja walipompeleka harusini akafika kwenye mlango wa mbele wa nyumba akasimama, hajui unavutwa au unasukumwa. Hakuwa amechanganyikiwa. Ni kwamba alikuwa hajaufungua mwenyewe kwa miaka. Mkwe wangu aliyasema haya kwa sauti ya kawaida kabisa, akaongeza kwamba mapazia yale ya waridi hakuyachagua yeye.

Nilimkumbatia. Kisha nikamwambia asirudie, maana akinisaidia hivyo ananipeleka chumba kile kile kwa mlango mwingine. Alikubali, akaingia ndani. Mkaguzi alibaki amesimama na kipimajoto chake mkononi, akasema haya, tunaanza upya, na safari ile alikanyaga ngazi bila kuiona.

Nikaanza upya. Sasa mbingu nazo zikaamua kunikomoa. Mawingu ya kwanza yalikuwa mzaha. Haya yalishuka mpaka kwenye mabati. Sahani ya sola ikawa inaleta umeme wa kuonea haya. Niliizima taa ya mezani nikatumia tochi ya kichwa, nikala mkate usiopashwa moto, nikazima simu. Majirani wakawa wanachungulia ukutani. Mmoja aliuliza kama nimefukuzwa ndani. Nikamjibu kwamba nimefukuza wengine.

Mita ikashuka. Kila asubuhi naisoma, nauma meno. Nilikagua vichwa vya betri kama nyaya zimelegea, nikapima maji ya kila chumba cha betri, nikatafuta kama kuna mnyonyaji nimemsahau. Hakuna. Kila kitu kiko sawa, hakuna kosa lolote, na bado zinashuka, kwa sababu friji inakula na hakuna anayerudisha. Hilo liliniumiza kuliko kosa. Kosa ungelirekebisha.

Ikafika Jumapili. Nilizima friji kwa muda mfupi, nikaacha betri zipumzike, nikapima. Kumi na mbili nukta moja. Nusu. Nje kijivu tupu, na wiki bado ina siku. Nikiendelea, nitazishusha chini ya nusu, zitaanza kuganda chumvi kama zile za kwanza, na friji itazima kabla ya siku ya mwisho hata hivyo. Nikiomba waya, nimeshindwa. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na mita mapajani, nikalia. Sikulia kwa huzuni. Nililia kwa ghadhabu, machozi yale ya moto yanayokuziba pua, kwa sababu nilikuwa nimefanya kila kitu sawa.

Mlango ukagongwa. Mkaguzi, siku ya mapumziko, yuko na kandambili na fulana. Kipimajoto hana. Mkononi ana ule waya, ameuviringa vizuri. Aliona mita, aliona macho yangu, akachuchumaa mbele yangu na kunishika goti.

"Mama, basi," alisema. "Umejitahidi. Hakuna aibu yoyote. Acha nichomeke, tukanywe chai ndani."

Alisema kwa upole mno, na upole ule ndio ulionizindua. Angenisuta ningekata tamaa. Lakini alinihurumia, na mimi nikamtazama pale chini alipochuchumaa, nikatazama ule waya, nikajiuliza marehemu mwenzangu alikuwa anafanyaje. Miaka yote ile tuliyozunguka, masika na kiangazi, mawingu ya kila aina, sikumbuki hata mara moja friji ikizima, na sahani ya sola tuliifunga mwishoni tu. Alikuwa anafanyaje? Alikuwa anakuja mbele nilipoketi, anasema, mama, betri zimechoka, tuondoke. Hivyo tu. Tunaondoka. Injini ikizunguka inazungusha altaneta, mashine yake ya kuzalisha umeme, altaneta inalisha betri za ndani, mpaka tufike tunapokwenda zimeshiba. Mimi ndiye niliyekuwa nazichaji. Miguu yangu kwenye pedeli ndiyo iliyokuwa inazichaji, na nilikuwa nakaa uani kwa watu, gari limesimama kama banda la kuku, nalia.

Nilikuwa nimekubali mtihani wa nyumba, na Kobe ni gari. Nikainuka, nikapita kwenye uwazi wa kati ya chumba na lori, nikaketi kwenye kiti cha dereva.

"Mama, unafanya nini?"

"Nachaji betri."

Betri ya kuwashia injini ni nyingine, iko mbele, haiguswi na friji wala taa, na nilikuwa nimeitunza sawa na wenzake. Nikazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Kobe mzima akatetemeka, vikombe vikagongana kabatini. Nikarudi nyuma mara moja nikawasha friji, nikaketi tena.

Mkaguzi alishuka mbio, na kabla sijaingiza gia alikuwa ameshafika getini, amesimama katikati, mikono ameinyoosha, waya bado uko mkononi. Nikasogea taratibu mpaka nikamfikia karibu, nikateremsha kioo.

"Tulikubaliana usitoke," alisema.

"Tulikubaliana waya usiingie. Kutoka hukukutaja, maana hukuwaza kwamba linaweza kutembea."

Mtu wa sheria akishikwa kwa sheria yake mwenyewe unamwona anavyohangaika. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa uso wake wa zamani, wa miaka ile alipokuwa anakuja kitandani kwetu radi ikipiga, na akasema kile alichokuwa anakizunguka muda wote.

"Na yakikukuta kama yaliyomkuta baba?"

"Yatanikuta nikiwa hai," nilimwambia. "Sogea."

Hakusogea. Aliyesogea ni mkewe. Alitoka jikoni mikono imelowa, akapita nyuma ya mumewe bila kusema lolote, akavuta komeo, akafungua geti, jani la kwanza, kisha la pili. Akakaa pembeni akijifuta mikono kwenye kitenge. Mkaguzi alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akaja upande wa pili wa gari, akafungua mlango, akapanda. Akaketi kwenye kiti cha baba yake na waya mapajani.

"Funga mkanda," nilimwambia, na tukatoka.

Barabara ilikuwa na maji, watu wachache, maduka yamefungwa nusu. Kobe alichukua mwendo wake wa kawaida, ambao haumridhishi dereva yeyote aliye nyuma yetu. Nikamwonyesha Mkaguzi mita ndogo iliyo mbele ya kiti chake, nikamwambia asome. Alikataa kwanza, akatazama nje. Halafu ukaguzi uliomo ndani yake ukamshinda.

"Kumi na tatu nukta sita," alisema. Baadaye kidogo: "Kumi na nne." Akajisogeza mbele akaitazama vizuri. Aliniuliza kama inapanda hivyo siku zote, nikamwambia siku zote, mradi mkanda wa altaneta haujalegea na unakwenda mwendo wa kutosha, si wa kuzunguka mtaani tu. Akauliza inachukua muda gani kujaa kabisa. Nikamwambia mpaka tufike mbali.

Tulipofika nje ya mji alianza kulia. Hakujificha. Alisema anaogopa, kila simu ikilia saa isiyo ya kawaida anaogopa, kwamba alipopigiwa siku ile alikuwa kazini anakagua mlango wa jengo la watu, na baba yake anakufa kwenye ngazi mahali asipopajua hata jina.

Nilitaka kusimamisha gari nimpakate. Mkono wangu ulikwenda kwenye gia wenyewe. Lakini nilijua nikisimama pale, nikizima injini, tutageuza. Ningemfuta machozi, angeniomba, ningekubali, kwa sababu ni mwanangu na nilimzaa mimi. Nikaurudisha mkono kwenye usukani.

"Ogopa, baba," nilimwambia. "Siwezi kukuzuia. Ila uogopee kwako. Usiniletee mimi hofu yako nikae ndani yake."

Alilia mpaka akamaliza, akajipangusa na fulana. Kwenye njia panda yenye kituo cha mafuta, ambako magari ya kurudi mjini hayakosekani, nikapunguza mwendo, nikapaki pembeni. Nikamwambia ateremke ampigie mkewe simu amfuate. Alijitazama miguuni, kandambili na matope, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Alishuka. Akasimama kwenye mlango uliofunguka, akaninyooshea ule waya. "Chukua basi. Wa dharura."

"Rudi nao."

"Mama."

"Rudi nao, mwanangu. Ukiwa kwangu nitajua upo, na nikijua upo nitautegemea."

Akautundika begani. Aliuliza nitarudi lini, nikamwambia nitakapokuwa nina hamu naye. Aliuliza nakwenda wapi, nikamwambia betri hazijajaa, kwa hiyo mbele. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alizunguka nyuma ya gari, akafungua mlango wa chumba, akapanda ile ngazi kwa mguu mzima, na nikamsikia anafungua friji, anaweka kiganja kwenye pakiti za dawa yangu, anasubiri, anafunga.

Akarudi dirishani.

"Ina baridi," alisema.

"Najua," nilimwambia. Nikaingiza gia.